Mikono ya Mpaka Vanishi

Mama watoto,

Watoto wazima, na kuku wako katotoa sita. Mimi ndiyo usiniulize. Ile ngozi ya mbele, huko chini, ilizidi kufura, ikawa nyekundu kama nyama buchani, ikabambuka na kunuka hadi nikawa naikimbia suruali yangu mwenyewe. Nikasema liwalo na liwe, nikaenda hospitali. Daktari ni binti, rika la mwanetu wa kwanza. Nilifumba macho kwa aibu.

Hakuniuliza habari za wanawake. Alitazama kucha zangu. "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Napaka vanishi makabati."

"Unanawa kabla ya kwenda haja ndogo?"

Nikacheka. "Nani hunawa kabla?"

"Basi hiyo thina ya kuchanganyia vanishi unajipaka mwenyewe kila siku."

Mke wangu, nilikuita malaya mbele ya mama yako, nikasema umeniletea uchafu. Kumbe uchafu ulikuwa mikononi mwangu. Nimepewa dawa ya kupaka, na huko chini panapona. Ya kuosha mdomo uliosema yale sikupewa.

Ni mimi mumeo, ninayekuja Jumamosi kuyasema haya mbele ya mama mkwe.