Nyama ya Nguruwe na Uyoga, Nyumbani Kitaji

Jumatatu, 9 Aprili 1984

Foleni ya mafuta tena. Nimetoka shuleni saa nane, nimesimama mpaka saa kumi na moja. Nusu lita ya mafuta ya pamba, na kufokewa juu. Mvua imeninyeshea. Mafuta haya yangetosha mboga za wiki mbili. Lakini Mwita anataka chakula chake cha Uchina Jumamosi na nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Tangu arudi Januari ni hayo hayo. Miaka mitatu alisomea mashine huko, sasa yuko kiwanda cha pamba Bunda, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Kila akikaa mezani anautazama ugali kama mgeni. "Kule tulikuwaga tunakula nyama ya nguruwe na uyoga, kila Jumamosi." Tulikuwaga. Yeye na nani, hasemi. Mume wangu huyu. Baba wa mtoto wangu.

Jumatano, 11 Aprili

Uyoga nimepata. Wanawake wa Buhare wameuleta sokoni asubuhi, mvua imeuotesha kwenye vichuguu. Nimenunua mafungu mawili. Nimeuchana na kuuanika ndani, juu ya gunia.

Mama mkwe, tunayeishi naye, akauliza ni wa nini. Nikamwambia. Yeye ni Msabato tangu usichana, nguruwe hamgusi.

"Mama Neema, nyama hiyo haiingii kwenye sufuria zangu."

Sufuria zake. Nilizinunua mimi kwa mshahara wa ualimu, mwanawe akiwa Uchina. Nimetoa karai la zamani la maandazi, nimelisugua kwa mchanga. Limenikata kidole. Nina hasira na karai, na mchanga, na kila mtu.

Ijumaa, 13 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda Butiama kwa katekista anayefuga nguruwe. Kwenda nilipata lori la mtama. Kurudi hakuna gari, dizeli hakuna. Nimetembea na kilo mbili za nyama kwenye kikapu mpaka miguu ikavimba, ndipo trekta moja likanihurumia.

Nyama nimeipaka chumvi, nimeitundika. Neema, ana miaka minane, ameuliza kama leo ni sikukuu. Nimemwambia akalale.

Jumamosi, 14 Aprili

Mama mkwe kaenda kanisani. Mwita kaja saa nne. Nikapika nusu ya nyama nijuavyo mimi: maji, kitunguu, uyoga, mafuta, na yale maji meusi ya soya aliyokuja nayo kwenye chupa. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Siyo hivi. Hii umeichemsha."

Foleni. Karai. Butiama. Nikavua kanga niliyojifunga kiunoni, nikamtupia.

"Pika wewe."

Nilijua hawezi. Miaka tisa ya ndoa hajawahi hata kuchemsha chai. Nilitaka aungue vidole, nimtazame.

Hakuungua. Alichukua kisu akakata nyama nyembamba kama karatasi, vidole amevikunja ili kisifikie kucha. Akaipaka unga wa muhogo na soya, akaiacha kidogo. Tangawizi akaikata nyuzi nyuzi. Akapepea mkaa mpaka ukawa mwekundu wote, mafuta yakatoa moshi, nyama ndani, geuza, geuza, akaitoa. Uyoga ndani. Nyama ikarudi. Yote kwa muda mfupi kuliko kusonga ugali. Hakufikiri hata mara moja. Mikono yake ilikuwa inakumbuka.

Mtu hajifunzi hivyo kwa kula tu. Mtu anafundishwa, amesimama karibu na mtu, siku nyingi.

"Alikufundisha nani?"

Akapakua kwenye sahani. Nikauliza tena, polepole.

"Mwalimu wetu wa lugha pale chuoni. Anaitwa Lan. Tulikuwaga tunapika chumbani kwake."

"Ulitaka kubaki?"

"Nilitaka." Akafuta kisu. "Nikashindwa. Nyie mlikuwa hapa."

Nimekula. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 15 Aprili

Amerudi Bunda. Hatukuagana.

Jumanne, 17 Aprili

Nimewafokea watoto wa darasa la tano bila kosa. Mmoja alilia. Nimeona aibu, sikumwomba radhi.

Mama mkwe kaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Kanichemshia uji, kaniletea kitandani, kasimama mpaka nikamaliza. Hajauliza zaidi. Nadhani anajua kuna kitu.

Ninachokiona kila nikifumba macho si huyo mwanamke. Sura yake siijui. Naona vile vidole vilivyokunjwa. Miaka tisa nimemenya na kukata na kuungua nikidhani mwanamume huyu hajui kushika kisu.

Jumamosi, 21 Aprili

Kesho Pasaka. Mwita alifika jana. Alilala sebuleni, sikumwambia alale huko wala asilale.

Asubuhi nilikuwa uani naparua samaki, sato wawili kutoka Kiriba. Akavuta kigoda akakaa.

"Nilimwandikia mwezi wa pili. Nikamwambia nina mke na mtoto."

"Alikuwa hajui?"

"Hakujuaga."

"Akajibu nini?"

"Hajajibu."

Nikaendelea kuparua. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyo Lan mpaka kufa. Sasa nikamwona yuko peke yake kwenye chumba chake, ana barua mkononi. Nikamwonea huruma, na Mwita nikamwona mdogo sana pale kwenye kigoda.

"Ulitudanganya wote wawili," nikasema.

"Ndiyo."

Hakuongeza. Nimeshukuru hakuongeza.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Lakini mchana tulikula sisi wanne, mama mkwe akaombea chakula. Neema aliomba kichwa cha samaki. Nikampa.