Gauni Lililonitosha Mimi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Nimezibana vizuri ndani ya bahasha zisije zikakuambukiza. Natumaini zitakukuta mzima huko juu ya nguzo zako za umeme, mkanda umekaza, kofia ngumu kichwani, na waya zenye moto unaziona kabla hazijakuona. Mimi hapa si mzima, ila si mgonjwa wa kulazwa. Ni mgonjwa wa leso. Leo ni siku ya sita ya mafua. Pua imevimba, sauti imekwenda matembezi, na nikiinama kufunga kamba za viatu najuta. Mama hajambo, yuko na cherehani yake. Habari zake nitazirudia huko mbele, na nakuomba usiruke mistari kuzifuata. Najua unajiuliza imekuwaje mtu aliyekutumia picha kwa simu miaka mitano akakumbuka leo kalamu na karatasi. Sababu ipo, nayo ni ya aibu kidogo.

Nianze na mafua yenyewe. Siku ya kwanza nilijikaza nikaenda studio. Bosi wangu unamkumbuka, yule anayewahimiza wateja watabasamu na yeye mwenyewe hatujawahi kuliona jino lake. Akaja karani mmoja wa benki, mama nadhifu, anataka picha za pasipoti. Kila nikibonyeza, napiga chafya, na kila nikipiga chafya, yeye anafumba macho. Picha tano, macho yamefumbwa zote tano. Alipoziona akauliza kwa upole kama hapa tunapiga picha za pasipoti au za tanzia. Bosi alingoja mteja atoke. Alinifuata nyuma ya pazia akaniambia niende nyumbani, nisirudi mpaka pua yangu ijifunze adabu.

Basi nikawa mtu wa kitandani, kompyuta mapajani, bakuli la maji moto pembeni. Siku ya kwanza ya kitandani nililala. Ya pili nikachoka kulala. Ya tatu nikajipiga picha ya pua, nikaikata vizuri kuizunguka, nikaanza kuigawia watu. Nilimvika bosi. Nikamvika mwenye nyumba wetu kwenye ile picha yake ya kushika funguo, akaonekana mpole kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikamvika paka wa jirani. Nikamvika yule karani wa benki, halafu nikamfumbua macho kama fidia. Nilicheka hadi kikohozi kikanishika, na Mama akapiga ukuta kutoka chumba cha cherehani akiuliza kama nimepaliwa.

Baada ya kuwamaliza majirani nikaingia picha za nyumbani, na hapo ndipo udadisi wangu uliponikamata. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba siku nikifa nitafungua jeneza kuona limepigiliwaje. Niligundua kitu ambacho nimekiona miaka yote bila kukiona. Tangu uondoke, kila Mama anapokubali kupigwa picha, hukaa upande mmoja wa benchi. Mimi husimama kushoto kwake, na kulia kwake hubaki nafasi tupu. Nikimwambia asogee katikati, hunijibu kwamba hapo panamtosha. Mimi fundi, nafasi tupu kwangu ni kasoro, kwa hiyo kila mara nimekuwa nikiikata nikifika kazini. Safari hii nikafungua picha za asili, ambazo sijazigusa, nikaipima ile nafasi. Picha saba, na katika zote saba inaenea mtu mmoja, si zaidi.

Nikaamua nikuweke. Usinicheke, homa kidogo ilikuwepo. Sura yako ninayo nyingi, lakini kila picha unayonitumia umevaa ovaroli na mkanda wa kupandia, na nilitaka ukae kando ya Mama kwenye benchi kama watu. Nilihitaji mwili wa kukalisha hapo. Mwili uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Nguo ndiyo iliyokosekana, mpaka nikakumbuka lile gauni la bluu lenye kola nyeupe.

Sijui kama wewe unalikumbuka. Bila shaka unalikumbuka. Ndilo alilokushonea Mama uvae Jumatatu ile uanze kazi ya mapokezi, ile aliyokutafutia kwa mteja wake, na Jumatatu yenyewe ikakukuta ndani ya basi unakwenda kusomea nguzo. Mama akasema kwamba anayedharau sindano yake asivuke kizingiti chake. Nawe ukajibu kwa simu kwamba hutavaa tena kitu kilichopita mikononi mwake. Tangu siku hiyo mimi ndiye daraja. Yeye hakuulizii, ila nikimwonyesha picha yako huacha pedali na kuitazama kwa muda mrefu. Wewe humuulizii, ila kila mwezi unataka nikutumie picha yake, kisha unaniambia nisimwambie.

Mama alikuwa ametoka kupeleka sare za watu. Nikaingia chumba chake, nikafungua kabati, nikalikuta gauni limefunikwa nailoni safi, halina hata vumbi. Nikafunga mlango, nikalivaa. Dada, sikiliza vizuri hapa. Wewe ulipoondoka, mkanda wako ungeweza kunifunga paja moja tu. Wewe ndiye uliyenipa jina la Bonge, na jina hilo sijaliangusha mpaka leo. Nilitegemea zipu igome chini kabisa na picha nipige kwa mbele tu. Zipu ikapanda mpaka juu. Gauni likanikaa kama nimepimiwa, kifuani, kiunoni, mpaka nikaweza kukaa na kuinuka.

Niliacha kabisa habari ya picha. Nikalivua, nikaligeuza ndani nje, nikaenda nalo dirishani. Pembeni, kwenye mishono, kulikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, pale uzi wa zamani ulipofumuliwa. Si mstari mmoja. Kitambaa cha akiba kilipokwisha, aliongeza ukanda wa bluu ileile kila ubavu, na huo nao umefumuliwa na kushonwa tena. Gauni limetanuliwa mara tatu. Mshono wa kwanza umenyooka kama mstari wa rula, kazi ya Mama unayoijua. Wa pili unayumba kidogo. Wa tatu, Dada, ungeletwa na msichana anayejifunza kushona kwake, Mama angeufumua mbele ya wenzake wote. Nikasimama pale na chupi na leso najiuliza maswali mawili: gauni hili linanenepeshewa nani, na nani ameshona vibaya namna hii katika nyumba ya Mama?

Nikalivaa tena nilitazame kwenye kioo, na hapo Mama akaingia. Nilikuwa na kola nyeupe, pua nyekundu na ndevu za siku tano. Nilitaka kusema kitu, ikatoka chafya. Hakupiga kelele. Aliniangalia, akaweka mkoba chini, akachukua pini, akapiga magoti. Aliniambia nigeuke polepole, nisiinue mabega. Akawa ananipapasa kiunoni kwa vidole, akiyafuata mapindo, uso wake karibu kabisa na kitambaa, kama mtu anayenusa. Akasema afadhali, miaka yote analikisia kwa picha za simu, walau leo ameliona juu ya mwili. Kisha akaniuliza, pini mdomoni, kama ni kweli siku hizi una mwili kiasi hicho.

Sasa nikufikishie yaliyonifanya nishike kalamu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia pale kwenye kioo.

Dada, mimi nimekuwa nikikunenepesha. Picha yako ya kwanza kutoka kule ilikuonyesha umekonda, mashavu yameingia, na Mama alipoiona hakula jioni ile. Ya pili nikakujaza mashavu kidogo kabla ya kumwonyesha, naye akala. Ya tatu nikakupa mikono. Baada ya hapo ikawa mazoea, nikawa nakuongezea kilo kama mchezo, mabega leo, kiuno mwezi ujao. Mimi nakuongeza kwa kipanya, kumbe yeye usiku na mchana anakufuata kwa sindano. Kila nilipokunenepesha, alifumua. Alikuwa anakushonea, asije akakukuta mlangoni gauni likakubana. Ndiyo maana limenitosha mimi.

Nilimwambia ukweli palepale, gauni likiwa mwilini. Nikamfungulia picha zako za asili kwenye kompyuta, moja moja. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akasema kumbe miaka mitano anamshonea Bonge. Kisha akajifuta machozi ya kicheko. Akauliza kama ni mimi tu niliyemdanganya au nawe ulijua. Nikamwapia kwamba hujui kitu. Akasema gauni kubwa hupunguzwa, dogo ndilo tabu, ila picha hataki tena; hilo gauni atalimalizia juu ya mwili wenyewe au hatalimaliza.

Kuna na la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Mama uliyemwona kwenye simu yako si huyu. Nywele zake nilikuwa nazitia weusi. Macho nilikuwa nayafumbua na kuyang'arisha, kwa sababu sikutaka uhangaike ukiwa juu ya nguzo. Ana mtoto wa jicho, Dada, macho yote mawili, na la kulia karibu halioni. Sindano anatungiwa na jirani. Sare anazopeleka, siku hizi zinashonwa na msichana aliyemwajiri. Yeye anakata tu, na kukata kwenyewe anapima kwa vidole; nilidhani hashoni tena, kumbe ule mshono wa tatu ni wake. Daktari amesema upasuaji ni mdogo na ataona. Amepangiwa siku mara mbili, na mara mbili ameahirisha, akisema kuna kazi moja lazima aimalize kwanza, akihofia kisu kikikosea asiwahi tena kuishika. Nilimuuliza mara nyingi ni kazi gani. Kila mara alinituma nikamnunulie uzi. Sasa najua ni gauni lako, limekuwa likining'inia kabatini muda wote.

Nisamehe. Nilidhani nawatunza, kumbe nilikuwa nawakata kama ile nafasi ya kwenye benchi. Kama ningekutumia sura yake halisi mwaka juzi, najua ungekuja mwaka juzi. Hilo ndilo linaloniuma, na haliponi kwa maji moto.

Siku aliyopangiwa sasa ni tarehe kumi na nane ya mwezi ujao. Njoo kabla yake. Usije na maneno ya Jumatatu ile, wala usiyasubiri kwake, hana nguvu nayo tena. Kizingiti alichokukataza ameshakifagia asubuhi ya leo mara mbili, nami sikuthubutu kumuuliza anamfagilia nani. Simama mbele yake na kiuno chako chembamba, inua mikono, mwache akupunguzie gauni angali anaona pini.

Ndani ya bahasha utakuta picha mbili, sijazigusa hata kwa nukta. Moja ni Mama kwenye benchi, nywele zake nyeupe, macho yake kama yalivyo, na nafasi yako kulia kwake sikuikata. Nyingine ameipiga yeye mwenyewe kwa kupapasa kitufe. Mimi ndani ya gauni lako, kichwa kimekatwa juu, pua ndiyo iliyobaki. Amesema niitume hivyohivyo, ucheke njiani.

Wasalimie wenzako wa nguzo. Mama hajanituma salamu. Alipoona naandika aliniuliza tu kama bado unapenda mifuko mirefu kwenye gauni, nami nikamwambia akuulize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye pua,

Bonge