Taulo Lenye Jina Lako

Mdogo wangu Goulven,

Huku Crozon viazi vimekubali, ila upepo wa bahari unakata masikio.

Jumapili nilikwenda kwenye ule ufukwe wenu wa kukaa uchi. Ndiyo, mimi. Nilivua nguo zote, nikajikunyata mchangani. Mzee Fanch, uchi vilevile, kofia ya sufu kichwani, akanicheka: "Dada, hapa hatuketi bila taulo. Shika hili. Aliliacha kijana mmoja zamani, kabla hajafukuzwa kwao."

Pindoni mlikuwa na jina lako, vilevile alivyolishona mama.

Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba mnafanya uchafu kule. Kumbe mnakunywa kahawa na kufuma soksi.

Taulo nimelifua. Nimelianika chumbani, majirani wasilione. Nisamehe kwa hilo pia.

Dada yako,
Nolwenn