Uliyemshukuru ni Dereva

Kakuma, Juni 2013

Kwa mjukuu wangu Akuwam,

Ejok? Umeamkaje huko Lodwar? Wagonjwa wako wanapona? Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua, na mbuzi wangu mweusi amezaa. Anayeniandikia ni Nyaboth wa kambi ya wakimbizi, mpishi wa shule. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie maneno.

Alhamisi ulikuja shuleni hapa kuwaeleza watoto kazi ya unesi. Hukujua kwamba kuni za jikoni pale naleta mimi. Niliposikia kuna nesi Mturkana ametoka Lodwar, nilitua mzigo nikasimama dirishani. Nilipokuona na ile nguo nyeupe nilimfinya Nyaboth mkono mpaka akalalamika. Nikamwambia huyo ni wangu, nimembeba mgongoni.

Ukawaambia watoto wawe na shukrani. Ukamshukuru Mungu, sista wa misheni, wafadhili, hata dereva wa lori aliyekuokota barabarani. Halafu ukasema nyumbani hukuwa na mtu. Ukasema baba yako alishakubali ng'ombe wa mahari kutoka kwa yule mzee wa Lorugum, na bibi yako alikupaka mafuta kama mbuzi wa mnada. Watoto wakacheka. Nyaboth akaacha kunitazama.

Ukapanda gari ukaenda, na unajua naishi Kakuma. Si wewe uliyenitumia maneno mwaka jana kwamba nimeacha boma nikafuata unga wa wakimbizi?

Sasa nisikilize. Uliwaambia watoto kwamba bahati yako ni shingo tupu, kwa sababu dereva angeona shanga angejua ni msichana wa kuolewa, angekurudisha kwa wazee. Bahati hiyo ilikuwa na mikono, Akuwam. Nani alikuvua shanga asubuhi ile akisema anataka kuzitunga upya? Mafuta nilikupaka mbele ya baba yako ili asinishuku. Kisima chetu kilikuwa nyuma ya boma, na mimi nikakutuma kile cha barabarani, siku ya lori kupita. Ulidhani nimezeeka mpaka nimesahau maji yako wapi?

Sikukuambia kwa sababu ungenishika nguo ulie, usingeenda.

Jioni baba yako alielewa. Epuyo, niliyemzaa mwenyewe, alichukua ngozi yangu ya kulalia akaitupa nje ya boma. Mpaka leo hanywi maziwa niliyoyashika mimi. Hivyo ndivyo nilivyofuata unga wa wakimbizi.

Shukrani sikuombi, ulishazigawa zote. Kinachoniuma ni wale wasichana. Ijumaa mmoja, Sellah, alikuja jikoni akaniuliza kama ni kweli bibi ndiye anayekuandaa uuzwe. Anaishi na bibi yake peke yao, na tangu ulipozungumza hataki kupakwa mafuta naye wala kula chakula chake. Yule bibi yake amekaa tu mlangoni, hajui amekosa nini. Mimi sikumjibu mtoto. Aliyemfunza ni wewe, na mimi akiniona ananiona mleta kuni. Rudi usimame palepale uwaambie yaliyobaki, hata kama utaona aibu. Ona aibu, haitakuua.

Nyaboth anakusalimu, ingawa amekukasirikia kuliko mimi. Wasalimu manesi wenzako. Na ule vizuri, nilikuona umekonda.

Ni mimi bibi yako,
Nakiru