Taa ya Mashine ya Kukunja Bati

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tele kwako, kwa Mama na kwa mtoto. Mimi mzima, ila kelele za karakana zimenifanya nizungumze kama nagombana.

Mumeo amefika salama, na nafasi niliyomwombea ameipata. Yuko kwenye mashine ya kukunja bati, chini yangu mimi msimamizi. Analaza bati juu ya kitako chenye mfereji, anakanyaga pedali, kisu kinene kinashuka, bati linakunjika. Ukiliachia linajinyoosha kidogo, kwa hiyo lazima ulikunje kupita pembe unayoitaka. Siku ya kwanza alilibembeleza kama mtoto aliyegoma kulala! Tulicheka wote, na yeye akacheka kutushinda.

Usiwe na wasiwasi. Mbele ya kisu kuna taa. Mkono ukikatiza mwanga wake, mashine inasimama yenyewe.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima, Mama anakohoa kidogo tu. Mtoto ameota jino na ananing'ata bila huruma, mwambie baba yake.

Umetutoa mbali. Nakuomba umwangalie mume wangu. Huyo akiambiwa kimbia, anakimbia kwanza, kuuliza baadaye.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Mumeo yu hai. Kisu kilimshukia mkono wa kulia, vidole vitatu vimekwenda. Nilimfunga kwa shati langu, nikamkimbiza hospitali mwenyewe. Hajambo sasa, hata mzaha ameanza. Ajali haina mwenyewe. Akiruhusiwa nitampandisha basi.

Kaka yako

2 Agosti

Kaka,

Tupo, tunapumua.

Mume wangu alifika na kimya chake. Jana namfunga vifungo vya shati, ndipo akasema. Kwamba siku ile mlikuwa mnakunja vipande vya makabati, navyo vilikuwa vidogo, mikono ikawa karibu na kisu, mashine ikawa inasimama kila mara. Ukaizima taa. Akakuuliza, "Shemeji, hii si hatari?" Ukamjibu, "Kunja bwana, tumechelewa."

Hilo ningelimeza. Lakini ulisimama mbele ya wakubwa ukasema aliizima mwenyewe, wakamfukuza kama mzembe, bandeji bado mkononi. Kaka, rudi kwao useme kweli. Sikuombi kingine.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Poleni sana. Jaribu kunielewa. Amri ya kuzima taa ilitoka juu, tena kwa mdomo tu. Nikifungua kinywa nafukuzwa, na vidole havioti tena. Mwache apumzike, hasira zitapoa. Nisalimie Mama.

Kaka yako

15 Oktoba

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Mama hajambo? Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako

9 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini mwaka umewaanzia vizuri. Mimi umenianzia vibaya. Binti waliyemweka kwenye mashine ile amepondwa mkono, na taa ilikuwa imezimwa. Wakubwa wanasema niliizima kwa kichwa changu. Wamenisimamisha kazi, na mwezi ujao wakaguzi wa serikali wanakuja kutusikiliza. Shemeji alikuwepo amri ilipotolewa, aliisikia kwa masikio yake. Mwombe aje aseme kweli. Nakupigia magoti.

Kaka yako

27 Januari

Barua yako imefika. Mama hajambo.

Nilimsomea mume wangu akiwa uani, anajifunza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia asije. Tuligombana mpaka majirani wakasikia. Anakuja.

Atasema amri ilitoka kwao. Atasema pia mkono ulioizima taa ulikuwa wako, na kwamba yeye hakuigusa. Usijidanganye kuwa anakuja kwa ajili yako.

Aliniuliza binti yule amelazwa wapi, na kama mkono utapona. Nikaipitia barua yako yote, mbele na nyuma. Hukuandika.

Usimfuate kituo cha basi. Ataulizia njia kwa watu.

Mke wa fundi