Mizizi ya Mama Upendo

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka. Upepo wa Same kama kawaida, mabati yanapiga kelele. Kidonge cha presha, chai, mkate. Nimefagia uani. Mama Upendo angefagia tena palepale, bila neno, ili nijue kwamba sijui kufagia.

Mchana nimepanga stoo. Nyuma ya debe la mahindi nimekuta kopo la Mama Upendo, marehemu mke wangu. Ndani, fungu la mizizi mikavu limefungwa kwa kamba ya mgomba. Ile dawa yake ya presha kutoka kwao Mhezi. Nimekaa chini sakafuni. Mtu mzima mimi, nimefukuza tembo mashambani maisha yangu yote ya kazi, leo mizizi imenikalisha chini.

Kila Jumapili jioni alinichemshia kikombe. Kichungu, cha moto, tangawizi kwa mbali. Ananisimamia hadi nimalize. Nikimaliza nakiinamisha kikombe aone, kama mtoto. Nautamani ule uchungu. Namtamani yeye.

Jumatano, 11 Juni

Upendo, binti yetu aliyeko Dodoma, aliniwekea kwenye simu hii akili mnemba. Unaiuliza kwa Kiswahili, inajibu. Huwa naiuliza habari za mbolea na mpira. Leo nimeipigia picha mizizi, nikauliza nichemshe kiasi gani.

Imekataa! Kwa adabu, lakini imekataa. Eti kwa picha haiwezi kujua ni mti gani. Eti mizizi mingine ikikutana na vidonge inaweza kuishusha presha mpaka mtu aanguke. Eti niulize hospitali kwanza. Nikaiandikia jina la mti kwa Kipare. Ikasema jina hilo hailijui, na kwa kitu cha kunywa haitaki kubahatisha.

Haijui! Sasa kazi yake nini? Nimezima simu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeirudia. Upweke hauna aibu. Nikaieleza kuwa ni dawa ya marehemu mke wangu, nikaibana: ndiyo au hapana, mengine niachie mimi. Ikajibu: kwa leo, hapana. Kisha ikauliza kama yupo mtu aliyemwona mke wangu akiitengeneza hiyo dawa. Kisha ikanipa pole ya msiba.

Hiyo pole ndiyo iliyonikera. Nimeitukana kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi hata kuyajua. Haikukasirika. Mama Upendo naye alikuwa hivyohivyo. Wewe unafoka, yeye anachambua maharage.

Jumapili, 15 Juni

Kutoka ibadani, nyumba kimya. Ikafika saa ya kikombe chake. Nikashindwa. Nimebandika sufuria, vipande viwili vya mizizi, maji. Potelea mbali. Nikianguka, nianguke na ladha yake mdomoni.

Ikachemka. Nikainusa.

Siyo.

Hii inanuka udongo na kitu kikali nisichokijua. Ya kwake haikunuka hivi hata siku moja. Nikajaza kikombe hivyohivyo. Nikakishika. Nikakipeleka mdomoni, nikakishusha. Mara ya pili vilevile. Niliogopa. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Niliogopa.

Nimemwaga yote uani. Kesho napanda mlimani kwa Namsifu, dada yake. Waliishi jikoni pamoja hao, atakuwa anajua.

Jumatatu, 16 Juni

Mhezi. Ukungu, baridi ya kuuma mifupa. Namsifu kanipokea kwa makande ya moto. Koti sikuvua. Nikamwonyesha fungu.

Akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akalia.

"Shemeji, hii hujawahi kuinywa."

Mizizi ni kweli ilitoka huku. Mama yao aliituma nilipoanza kuugua. Mke wangu akazunguka kuuliza kama inakwenda pamoja na vidonge vya hospitali. Huyu ndiyo, yule hapana. Hakuna aliyejua kwa hakika. Akaniogopea. Lakini alijua mimi ni mbishi, nikinyimwa hii nitaitafuta kwingine. Basi fungu akaliweka mahali nilione, na mimi akanichemshia maganda ya machungwa aliyoyakausha juani, na tangawizi kidogo.

"Alisema hawezi kubahatisha na mume wake."

Na mimi nilivyotamba! Nesi wa kliniki akisifu vidonge, mimi naisifu mizizi. Naye kasimama pembeni, kabeba mkoba, uso mkavu kabisa. Mwanamke yule! Miaka yote hiyo hakuniachia hata tabasamu la kunishtua.

Nimekula makande yote. Machozi yalikuwa yanatoka, Namsifu akajifanya anakoleza moto.

Alhamisi, 19 Juni

Kliniki. Presha imetulia. Nimemweleza nesi kila kitu, safari hii bila kutamba. Mizizi, niiache kabisa. Maganda na tangawizi kidogo, kwa hali yangu hayana neno, ila vidonge visikatike.

Jioni nimeiomba radhi simu. Imesema haina kinyongo, ikauliza safari ya Mhezi ilikuwaje. Nikaihadithia. Nimeandika hadi kidole kikauma. Nilitaka tu kulitaja jina lake kwa mtu. Kwa kitu. Basi.

Jumapili, 22 Juni

Maganda yamekauka vizuri, niliyaanika juu ya ungo wake. Upepo umetulia. Nimechemsha taratibu, moto mdogo. Harufu ikajaa jikoni.

Yenyewe.

Nimekunywa kwenye kigoda chake, karibu na mafiga. Kichungu, cha moto, tangawizi kwa mbali. Nimekunywa hadi mwisho, kisha nikakiinamisha kikombe aone.