Tuliomba Theluji Iishe

Jumanne, mwezi wa pili, Sori, kando ya ziwa. Jua limewaka tangu asubuhi bila kupumzika, mabati yanalia huko juu, na hata jani halitikisiki. Moyo wangu uko sawa.

Karibu sawa.

Achieng', nyathina, mtoto wangu, kwanza salamu, maana bila salamu siwezi kuanza. Baba yako anakusalimu. Yuko pale nje, amefungua pikipiki nzima ya mtu na skrubu ameziweka kwenye sufuria yangu ya chai. Anauliza hiyo mashine yako ya theluji inatumia plagi gani, na anasema usipomjibu safari hii atajua umesahau kwenu. Dani, nyanya yako, anakusalimu. Goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Ndugu yako Okoth na mkewe Lilian wanakusalimu, na mtoto wao ameanza kusimama. Akisimama anajipigia makofi mwenyewe, halafu anaanguka. Mercy mdogo wako anakusalimu, ndiye amenifungulia huu ukurasa akanionyesha pa kubonyeza, ati simu ikikataa wewe utanisoma hapa ukipata neti. Mjomba wako Omondi wa Lambwe anakusalimu, alikuwa hapa. Akina mama wa maombi wanakusalimu, Mama Pilista akiwa wa kwanza, na leo nitawasema. Hata mbwa anakusalimu, ningemwachaje.

Na wewe unayesoma na si Achieng', karibu, keti. Hii ni shajara yangu lakini sina siri nyingi. Niliishia darasa la tano, kwa hivyo ukikuta neno limekaa vibaya lisukume kidogo uendelee.

Binti yangu yuko nchi ya baridi, Ufini. Alienda kusomea kazi ya kutunza wazee, na miezi ya baridi anatembeza wageni kwa pikipiki ya theluji. Hiyo pikipiki haina magurudumu. Chini ina mkanda mpana kama wa mashine ya kusaga, mbele ina vitu viwili kama mbao za kuteleza. Yeye anatangulia, wageni wanafuata kila mtu na yake, kama bata na watoto wake.

Mimi sikushangaa kusikia amepewa kazi hiyo. Huyu ndiye alikuwa anabeba magunia ya omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa pikipiki ya babake kutoka hapa mpaka Migori, wakati wa matope, na wanaume wanasimama kando ya barabara kungoja aanguke. Waliondoka wenyewe, wamechoka kungoja.

Shida ilianza na picha.

Baridi yake ya kwanza kule alinitumia picha amesimama nje. Kope nyeupe. Nywele za mbele nyeupe. Shali ya mdomoni imeganda ikawa kama ubao. Na anacheka. Mimi sikuona kicheko, niliona kope. Nikaipeleka simu kwa akina mama wa maombi, ikazunguka mkono kwa mkono, watu wanasema uwi, uwi. Mama Pilista ndiye mwenyekiti wetu. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Min Achieng', mama Achieng'," akasema, "huyu mtoto wanamfanya samaki wa friji."

Tukafunga. Tukasimama. Tukaikemea ile theluji kwa sauti mpaka wauza mboga wa ng'ambo ya barabara wakanyamaza. Shindwa! Na sisi tukianza jambo hatuliachi njiani. Kila Ijumaa theluji ilikuwa na nafasi yake, baada ya wagonjwa na kabla ya watoto wa mitihani.

Sasa, baridi hii, theluji ikashindwa kweli.

Achieng' alipiga simu mwaka mpya ukiwa bado mchanga. "Mama, hapa kunanyesha mvua. Ardhi ni nyeusi, hakuna theluji kabisa." Nikapiga kigelegele palepale jikoni, na simu ikakatika kabla hajamaliza maneno. Sikungoja apige tena. Jumapili nikamfunga miguu jogoo wangu mwekundu nikampeleka kanisani. Huku kwetu mtu akiwa na shukrani na hana bahasha analeta kuku, au mayai, au mkungu wa ndizi, na ibada ikiisha vinapigwa mnada pale mbele. Nikasimama na jogoo kwapani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameiondoa theluji kwa mtoto wangu. Kanisa lote likapiga makofi. Mnada ukawa mkali, mwalimu wa kwaya alimtaka sana yule jogoo, lakini Mama Pilista akamshinda.

Jioni hiyo Achieng' akapatikana. Alikuwa analia, kile kilio cha kuficha puani.

"Mama, hukunisikia. Theluji ndiyo shamba langu."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa kushuka ngazi. Bila theluji wageni hawaji. Wengine walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Mashine zimefunikwa maturubai, zimepangwa kwenye banda, haziendi popote. Na ruhusa yake ya kukaa kule imeshikana na hiyo kazi na hayo masomo. Kimoja kikianguka kinavuta kingine. Akasema hata wazee wa pale wanashangaa. Zamani mtu angejua theluji itashuka lini kama anavyojua siku ya soko. Siku hizi inakuja ikitaka, inayeyuka ikitaka.

Nikasema pole. Nikasema Mungu yupo. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo.

Wacha niandike ukweli, maana nikiandika uongo hapa nitakuwa naudanganya mkono wangu. Nilipomsikia analia, kuna kipande kidogo cha moyo wangu kilifurahi. Kilisema, basi atarudi nyumbani. Sikukiita. Kilikuja chenyewe. Habari ya jogoo mtu anaweza kucheka, ni kutojua tu. Lakini hiki kipande nilikijua vizuri, nikatembea nacho, nikapika nacho, nikalala nacho.

Halafu ndugu yangu Omondi akaja. Ni mfugaji, anakaa Lambwe, na alipita hapa akiwa na vumbi mpaka masikioni. Nikampa ugali na omena. Nikamuuliza ng'ombe wako wapi, akataja mahali ambapo baba yetu hakuwahi kufikisha ng'ombe hata siku moja. Mvua siku hizi hazifuati mwezi wake, nyasi zinaota huku leo, kesho zinaota kule, na yeye anazifuata. Amelala kwa wakwe, amelala kwa marafiki, amelala nje.

Nikamwambia, "Si ungetulia tu nyumbani zikurudie?"

Akanicheka, tonge liko mkononi. "Nyaminwa, dada yangu, ng'ombe hawali nyasi za mwaka jana. Ama wewe unaombaga nyasi ziishe ndiyo nirudi nikusaidie kula?"

Alikuwa anatania. Hajui habari yoyote ya maombi yetu, yeye na kanisa wanaonana kwenye mazishi tu. Lakini mimi tonge langu nililirudisha kwenye sahani.

Kumbe theluji ni nyasi.

Ijumaa nikaenda kwenye maombi na mapema. Wagonjwa wakaombewa. Ilipofika zamu ya theluji nikanyoosha mkono.

"Akina mama, hiyo kitu tuliyoikemea. Inatakiwa irudi."

Mtu akakohoa.

"Irudi namna gani?" Mama Pilista akauliza. "Kwani Mungu ni kondakta? Twende, simama, rudi nyuma?"

Nikawaeleza kila kitu, isipokuwa kile kipande changu. Hicho nimekiandika hapa kwanza. Lilian alikuwa amekaa nyuma na mtoto, akauliza kwa sauti ya chini kama jogoo wa shukrani itabidi arudishwe.

"Jogoo nimeshamla," akasema Mama Pilista. "Tena alikuwa mgumu kama aliyemfuga. Harudi."

Watu walicheka mpaka mtoto naye akacheka. Kisha mwingine akauliza jambo la maana: tukiomba baridi kwa nguvu, je, haitakosea njia ikaja kuua mboga zetu hapa? Likajadiliwa. Mama Pilista akaamua tutataja mahali wazi wazi, kwa Achieng', Ufini, wala si hapa kwetu Nyatike. Tukasimama. Jua linachoma, jasho linatiririka shingoni, tunajipangusa kwa ncha za leso, na tunamwomba Mungu baridi. Nimeona mengi, lakini hilo lilikuwa jipya hata kwangu. Niliomba kwa sauti kuliko wote. Kile kipande nilikipigia kelele mpaka kikanyamaza.

Je, theluji ilirudi? Pale kwake, hapana. Sitadanganya ili ushuhuda uwe mtamu. Ila mwenye kazi, mama mmoja wa huko, alisema theluji ikikataa kuja sisi tutaifuata. Wakapakia mashine kwenye lori, wakaenda kaskazini, siku nzima barabarani, na wakifika mahali wanakanyaga, wanapima, wanasema hii ni nyepesi, twende mbele. Aliwauliza vijana wake nani yuko tayari kuhama naye. Achieng' alinyanyua mkono wa kwanza. Sasa yuko kijiji kidogo karibu na mpaka wa nchi nyingine, na theluji nzuri, ile kavu ya kuteleza, iko ng'ambo ya ziwa.

Na wanapita juu ya ziwa.

Jana alinitumia ujumbe wa sauti. Kesho atawaongoza wageni kuvuka kwa mara ya kwanza. Njia ya kuzunguka ipo lakini ni mawe matupu, theluji imepeperushwa, mashine zitavunjika. Mwisho akasema, "Mama, sitavuka kama wewe hujasema kitu. Unasemaje?"

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa nikaolewa kando ya ziwa. Ziwa ninalijua likiwa na mtumbwi juu yake. Pikipiki juu ya ziwa sijui. Na barafu ninayoijua ni ile wanayomwagia mbuta, wale samaki wakubwa, kwenye masanduku pale bandarini. Saa sita ni maji, na mnunuzi na muuzaji wanatukanana.

Nikamwambia Baba Achieng' hivyo. Hata hakuinua kichwa. "Wewe unalinganisha sanduku na ziwa," akasema. Halafu nikaona anaifuta ile ile skrubu mara ya pili, na ya tatu. Naye anaogopa. Anaogopa kwa mikono.

Leo asubuhi neti ilikuwa nzuri nikampigia mwenyewe. Sikusalimu hata. Nikauliza, "Nani amelipima hilo ziwa?"

"Kuna mzee wa pale, Mama. Anatoboa kwa keekee ndefu, anapima unene, anachomeka matawi. Sisi tunapita kwenye matawi yake tu. Leo nimetoboa naye mimi mwenyewe. Mkono wangu wote umeingia na bado ni barafu."

"Na mto? Hilo ziwa halina mto?"

"Upo. Upande huo hatusogei. Maji yakitembea chini, barafu ya juu ni ya uongo."

"Hayo amekufundisha huyo mzee?"

Akacheka. "Mama! Si ni wewe ulikuwa unatufukuza na fimbo pale mto Kuja unapoingia ziwani? Ukisema juu pametulia, chini panavuta?"

Nilimfukuza na fimbo, ndiyo, na nilidhani aliisikia fimbo tu. Muda wote huu nilikuwa namwona kule kama mtu aliyepotea kwenye kitu cheupe. Kumbe anatazama maji kama mtoto wa ziwa, hata yakiwa yameganda.

Nikamwambia, nenda.

Nilisema mara moja, sikurudia, maana baraka ikirudiwa sana inaanza kufanana na wasiwasi. Nikaongeza sharti moja. Yule mzee akitikisa kichwa tu, unageuza na wageni wako wote, hata wakinuna, hata kama wametoka mbali. Akasema sawa. Alisema sawa kama mtu mzima.

Mercy ananiuliza kwa nini naandika na nimeshaongea naye. Naandika kwa sababu kwenye simu sikuweza kumwambia habari ya kile kipande. Sasa umeisoma, nyathina. Nilitaka theluji yako iishe ili urudi. Sitaki tena. Ukirudi, urudi kwa miguu yako na kwa furaha yako, kazi isikufukuze. Na theluji ikihama tena mwaka ujao, hama nayo. Huwezi kupotea kwa kufuata chakula chako.

Kesho asubuhi nitaanika omena, nitafua, nitamchokoza Dani. Simu nitampa Mercy aishike yeye, maana nikiwa nayo nitapiga, na sitaki uvue glavu katikati ya ziwa kwa ajili yangu. Naliweza hilo. Nimejipima, naliweza.

Lakini ukishakanyaga ng'ambo, Achieng', usinywe chai kwanza. Usiwapige wageni picha kwanza. Niletee neno moja tu, nimefika, na ulilete upesi, mimi na baba yako tutakuwa tumekaa hapa nje tunajifanya tunaongea.